Dakika Moja ya Ukimya kwa Mama Aliye Hai

Jamani, nilisimama ukumbini pamoja na watu wote, kichwa chini, kumwombolezea mama yangu mzazi...

Na mama mwenyewe alikuwa amekaa kiti cha pembeni yangu, fimbo mapajani.

Yuko hai. Asubuhi ile nilimwogesha kwa mikono yangu, akanilalamikia kwamba maji ni ya baridi.

Ngoja niwaeleze.

Kaka yangu ni mwandishi wa riwaya. Kwa mama tuko wawili tu, yeye na mimi. Siku ile alikuwa anazungumzia kitabu chake kipya mbele ya watu, na alishanionya nisimlete mama, eti ngazi za ukumbi zitamtesa miguu. Mama akagoma. Tangu juzi yake alikuwa ameshanipigisha pasi gauni lake. Alitaka kitu kimoja tu: mwanawe amtaje mbele za watu, japo mara moja.

Basi tukazipanda zile ngazi. Moja, tunapumzika. Nyingine, tunapumzika... Tukakaa nyuma kabisa.

Kaka akapewa maiki. Msomaji mmoja akamuuliza zile kurasa za kifo cha mama alizitoa wapi.

Akavua miwani. Akafuta macho ambayo, nawaapia, yalikuwa makavu.

"Ni riwaya," akasema, "ila kurasa hizo sikutunga. Mama yangu alifia mikononi mwangu."

Nyie!

Akaendelea. Eti alikuwa akimwogesha, akimlisha kwa kijiko, akikesha naye... Kazi zangu zote akazivaa yeye kama shati. Huyu huyu ambaye mara ya mwisho kuja nyumbani hakuingia hata ndani, akasema chumba cha mama kinanuka dawa.

Watu wakalia. Dada mmoja mbele yetu alikuwa anapenga kamasi. Mimi nilishikwa na kinyaa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kinatembezwa juu ya jeneza la mtu anayepumua.

Mshehereshaji akaomba tusimame dakika moja. Miguu yangu ikasimama kabla akili haijafika.

Mama hakusimama. Ilipokwisha nikamwambia twende nyumbani, akakataa. Alitaka kitabu.

Nikamnunulia. Tukapanga foleni ya kusainiwa.

Kaka hakuinua hata macho. "Niandike kwa nani?"

"Kwa marehemu," mama akasema.

Kalamu ikagoma. Alipotuona, rangi ikamtoka. Akainama, akatunong'oneza kwamba tusimharibie, kitabu ndio kwanza kimeanza kuuzika, nyumbani atatueleza vizuri.

Nikadhani uchafu umeishia hapo. Kumbe bado...

Mshehereshaji alisogea kuuliza kama kuna tatizo. Kaka akatabasamu, akamshika mama bega.

"Hapana. Huyu bibi ni jirani yetu wa zamani. Umri umekwenda, anachanganya mambo."

Nilifungua mdomo nimchambe mbele ya kadamnasi, mama akanibana mkono. Nikasema sawa, acha amuumbue mwenyewe.

Mama akamgeukia mshehereshaji, kwa upole kabisa.

"Ni kweli, mwanangu. Mimi ni jirani tu. Ila mama yake nilimfahamu sana... Amekufa sasa hivi, hapa hapa."

Akakiacha kitabu mezani, tukaondoka. Hakuna aliyetuuliza kitu. Dada aliyekuwa akilia, ambaye kwenye foleni alikuwa nyuma yetu, alirudisha chake mezani, na wawili nyuma yake wakatoka kwenye foleni.

Jumapili kaka akaja nyumbani na mifuko ya matunda, uso umemshuka. Nilitaka kumfungia mlango. Mama akasema hapana, mgeni hafukuzwi, mwache aingie.

Akapiga magoti mbele ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

Mama akamtazama bila hasira yoyote.

"Marahaba, jirani. Karibu kiti."

Mpaka leo anamwitikia hivyo hivyo. Kaka amelia, safari hii machozi ya kweli, na mimi hayo machozi yake bado yananitia kinyaa.

Ndugu zangu, mzazi usimkane ukidhani atang'ang'ania mbele ya watu kwamba wewe ni mwanawe. Wapo wanaokubaliana na wewe.