Amotisa za Hadidja

Jua lilikuwa linaelekea kuzama upande wa mto, na Cyprien bado hajapata amotisa, yaani shokamzoba, za jeep yake. Alikuwa amezunguka maduka ya vipuri ya Makiso, katikati ya Kisangani, tangu mchana, akishika hiki, akirudisha kile. Amotisa mpya za kwenye boksi zilikuwa zinang'aa kwa rangi, lakini ukizibonyeza kwa mkono zinaingia bila ubishi. Hizo zinaanza kutoa mafuta kabla hujafika nusu ya njia ya Banalia. Za mitumba nyingi zilikuwa zimeshavuja zamani. Na bila amotisa za maana, jeep yake ilikuwa inarukaruka nyuma kwa kila shimo, springi zinacheza zinavyotaka.

Siku nyingine angevumilia. Amebeba abiria njia ile miaka na miaka, na abiria akilia mgongo unamwambia pole, basi. Lakini safari hii aliyekuwa anamngojea Banalia ni dada yake Adèle, amelala chali, nyonga imevunjika. Mama yao alipokufa, Adèle ndiye aliyemlea Cyprien. Alimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mwanawe wa kumzaa. Daktari wa kule alisema aletwe Kisangani upesi, ila akaonya: gari likimrusha sana, anaweza asifike mzima.

Ndiyo maana fundi wake, Jérémie, alipomtajia mjane mmoja wa mtaa wa Mangobo anayeuza jeep ya marehemu mumewe kipande kipande, Cyprien hakuuliza mengi. Alikwenda.

Hadidja alikuwa mwanamke wa watu wa Maniema, mkavu, asiye na maneno ya kupamba. Uani kwake jeep ilikuwa imebaki mifupa. Alizitoa amotisa mbili za nyuma ndani ya gunia, akaziweka chini taratibu.

Cyprien alisimamisha moja, akailalia kwa uzito wake wote. Ikashuka polepole, kwa kiburi. Akaiachia, ikapanda polepole. Fimbo yake kavu, hakuna hata tone la mafuta. Alitamani kucheka kwa furaha.

"Hizi njo nilikuwa natafuta, Mama Hadidja."

"Watu walizibebaka," alisema Hadidja. "Wakazirudisha."

"Juu ya nini?"

Akamweleza, bila kumwangalia usoni. Mumewe alikuwa anabeba maiti kuwarudisha kwao. Na kila dereva wa kazi ile anajua desturi: unaongea na marehemu. Mkiondoka unamwambia tunaondoka. Mkivuka mto unamwambia tunavuka. Mkifika unafungua mlango wa nyuma, unamwambia tumefika, shuka. Sasa, safari moja ya kwenda Bafwasende, jeep ilikufa katikati ya msitu. Likapita lori, dereva wake ana haraka, wakahamisha sanduku mbio mbio. Katika zile mbio, hakuna aliyemwambia marehemu kwamba anabadilisha gari.

"Basi walizika sanduku," alisema Hadidja. "Mwenyewe alibakia mu jeep, njo anafuata amotisa hizi. Bwana yangu aliona aibu kurudi kusema. Mupaka naye akakufa."

"Na jina yake? Ule marehemu?"

"Sijue. Ukishafunga, fungua mulango ya nyuma, umuambie ashuke. Kama hauna roho ya kuongea na mutu haumuone, acha amotisa zangu hapa."

Cyprien alikuwa mtu wa kanisa. Aliitikia ndiyo, ndiyo, kama unavyomwitikia mtu unayetaka akumalizie haraka, akazipakia.

Jérémie alizifunga giza likianza kuingia. Alipomaliza alifanya kama mafundi wote: akakandamiza bampa la nyuma, akaliachia. Likapanda mara moja, likatulia. Safi kabisa. Wakatazamana wakitabasamu.

Kisha springi zikalia.

Kiiii...

Nyuma ya jeep ikashuka. Taratibu. Upande wa kushoto kwanza, halafu kulia, jinsi gari linavyoshuka mtu mzito anapopanda na kujisogeza mpaka akae vizuri.

Ndani hamkuwa na mtu.

Ila harufu ilikuwapo. Formoli, ile dawa ya kuhifadhia maiti, na chini yake harufu ya udongo mbichi.

"Muambie ashuke," Jérémie alinong'ona. "Tonton Cyprien, muambie sasa hivi."

Cyprien alishika kitasa. Alikuwa tayari kusema, msije mkadhani alikuwa mjinga. Lakini mkono ukiwa pale pale alijaribu kuitikisa jeep, na jeep haikutikisika. Ilikuwa imelala chini, nzito, tulivu. Dereva yeyote wa njia zile anajua jeep tupu inaruka kuliko yenye mzigo. Wengine wanalaza mifuko ya mchanga nyuma wakiwa na mgonjwa, ili gari lishike barabara. Na huyu hapa, mzigo usiochukua nafasi ya godoro. Hali, hanywi, halalamiki.

Akakiachia kitasa.

"Bon," alisema. "Anisindikize kwanza. Nitamushusha tukirudia na Yaya Adèle."

Jérémie alikusanya spana zake na kuingia ndani.

Alfajiri Cyprien akaondoka. Jamani, gari lilikwenda! Mashimo yale yale yaliyomla mgongo maisha yake yote sasa aliyapita kama anapita juu ya mkeka. Banalia walimlaza Adèle juu ya godoro nyuma, wakamfunika, wakageuza. Njia nzima hakulia hata mara moja. Cyprien alikuwa anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, na moyoni anajisifu.

Msitu ulipoanza kuwa mweusi, Adèle alinong'ona.

"Cyprien... nani iko karibu yangu?"

"Hakuna mutu, Yaya. Pumzika."

Injini ilinguruma. Halafu Cyprien akasikia pumzi. Ya dada yake, fupi fupi, ya maumivu. Na nyingine, ndefu, isiyo na haraka.

"Iko na baridi," Adèle alisema. "Anaomba nimufunike."

Cyprien hakugeuka. Alikanyaga mafuta.

"Anauliza kama tukifika utamuambia."

"Nyamaza, Yaya. Nakuomba, nyamaza."



Walivuka daraja la mto Tshopo, mlangoni mwa Kisangani, na Cyprien hakusema neno lolote kwa yeyote. Alikuwa anawaza hospitali tu. Akaingia uani, akazima injini, akaruka, akakimbilia nyuma. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa furaha. Akafungua mlango, na maneno yakatoka yenyewe, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

"Yaya, tumefika. Shuka."

Kiiii...

Jeep ikapanda. Ikabaki juu, nyepesi, tupu.

Upepo mdogo wa uvuguvugu ukampita shavuni, ukaenda zake kuelekea kwenye giza la ua. Ulikuwa na harufu ya mafuta ya mawese na sabuni, harufu ya mgongo aliolelewa juu yake. Juu ya godoro, Adèle akafumbua macho, akamtazama vizuri, kwa adabu, jinsi unavyomtazama mtu usiyemjua.

"Aksanti, dereva," alisema.

Nyonga ilipona. Madaktari walishangaa, kanisani walitoa shukrani, majirani walimpongeza Cyprien kwa kumpenda dada yake. Alirudi kwa Hadidja, na mjane hata hakumkaribisha akae.

"Walikuwa wawili," alisema. "Wewe uliita mumoja."

Na sasa, jioni nyingi, mlinzi wa hospitali humwona Cyprien ameegesha jeep uani, mlango wa nyuma wazi, anaongea na hewa. Panda, Yaya. Panda twende nyumbani. Anangoja gari lishuke. Halishuki. Siku moja mlinzi alimuuliza anamngoja nani, naye akajibu, dada yangu. Mlinzi akastaajabu: dada yako si anaishi kwako, si nimemwona sokoni leo?

Cyprien alifunga mlango, akaenda nyumbani. Lituma, ndizi za kupondwa, ilikuwa imeshapikwa, sahani imefunikwa. Mwanamke yule alikuwa amekaa mlangoni, amevaa kitambaa cha Adèle, vitu vyake vimefungwa kwenye furushi miguuni.

"Dereva," alimuuliza kwa upole, kama anavyomuuliza kila jioni, "gari ilishapona? Bafwasende tutafika lini?"