Hapana Kungojea Mvua

Mi ni Kanyere, mama Joyeuse, wa mutaa wa Rughenda, hapa Butembo. Ile ninasema ilipita mu mwaka wa 2001, wakati wa vita. Mpaka leo nikiikumbuka, damu inachemuka.

Kila asubui nilikuwa nashuka ku chemchem na bidoni mbili. Nyumba makumi tatu tulikuwa tunateka pale, maji baridi, maji safi. Halafu mvua ikaanza kunyesha mingi, na chemchem ikaanza kunuka. Sisemi matope. Nasema mavi! Joyeuse, mutoto wangu wa mwaka moya, akaanza kuhara. Siku ya kwanza mara tatu. Siku ya pili sikuhesabu tena. Macho ikaingia ndani. Alikuwa analia, na machozi haitoke.

Nikamubeba mbio ku dispansere. Mama Emérence, munganga wa pale, akamufinya ngozi ya tumbo polepole.

"Mama Joyeuse, huyu mutoto anakauka. Unamupa maji gani?"

"Ya chemchem."

"Unachemusha?"

"Kuchemusha nini? Hata mama ya mama yangu alikunywa ile maji!"

"Huyu ni wa sita mu juma hii. Bote banatoka kwenu."

Akachukua litre moya ya maji ya kuchemusha. Akatia bijiko bidogo sita bya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akamunywesha Joyeuse kidogo kidogo. "Na titi usikatale kumupa," akasema. "Kila akihara, umupe tena maji hii."

Mi nilikuwa nafikiri kitu kimoya tu. Karavani!

Pale juu ya chemchem kulikuwa karavani, nyumba ya magurudumu. Kampani ya barabara iliiacha wakati ilikimbia vita. Ndani kuna kitanda, jiko na choo. Chini yake kuna tanki inapokea uchafu yote. Mwalimu Ignace na bibi yake Elikia balikuwa banaikala mule na batoto babo. Ni batu ba Kindu, muji wa mbali. Serikali ilimutuma huku kufundisha, vita ikafunga njia, akabakia.

Nikapanda mulima na Joyeuse mu mugongo. Mama Emérence akanifuata mbio. "Ningojee, mama! Utagombana bure!"

Bure? Sikusalimia hata.

"Mwalimu! Mavi yako unamwanga wapi?"

Akaweka makaye, madaftari ya banafunzi, chini. "Pardon, mama. Tanki ikijaa nangojea mvua. Mvua ikinyesha, nafungua. Maji inapeleka."

"Inapeleka wapi? Inapeleka mu tumbo ya mutoto wangu! Muangalie!"

Elikia akatoka mulangoni. Akaona Joyeuse, akafunika kinywa. "Mungu wangu. Hata betu balihara, Ignace."

"Mutu mwenye kusoma!" nikasema. "Nani alikufundisha mambo ya vile?"

Mwalimu akaangalia chini. Bwana yangu Paulin alikuwa amefika, sababu alisikia makelele yangu toka kwetu.

"Sema, Ignace," Elikia akasema. "Hapana kuficha."

"Ni baba Joyeuse. Aliniambia hapa bote banafanya vile. Choo ikijaa, banaitoboa pembeni wakati wa mvua."

Nikageuka. "Paulin! Ni kweli?"

"Lakini, mama Joyeuse... hata baba yangu alikuwa nafanya vile. Tundu iko nyuma ya choo yetu. Naifunga na gogo ya mugomba."

Haya ikanishika, na kasirani ikazidi. Miaka kumi niko mu ile lupango, ile kiwanja ya kwetu, na sikujiuliza hata siku moya kwa nini choo yetu haijae. Nimepanda mulima kutukana mugeni, kumbe na mavi yetu iko mu ile maji!

"Mutoto wako anakauka, Paulin! Ni weye ulimunywesha!"

Paulin akamupapasa Joyeuse kichwa.

"Sasa munisikilize," mama Emérence akasema. "Mvua haiondoe uchafu. Inaishusha tu kwa ule anaikala chini yako. Ile karavani ilitengenezwa kwa miji yenye mabomba ya uchafu chini ya udongo. Hapa hayako. Basi tanki inamwangwa mu shimo."

"Mama, shimo ya nini?" Mwalimu akasema. "Mwezi unaokuja njia itafunguka, tutarudia Kindu."

Elikia akalipuka. "Miaka tatu unasema mwezi unaokuja! Nimezalia hapa! Tunakula hapa, tunakunya hapa, basi tuchimbe hapa!"

Mwalimu akaikala ku ngazi ya karavani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Tuchimbe wapi?"

Mama Emérence akabatembeza. "Pande ya chini ya chemchem, hapana juu yake. Mbali na maji, zaidi ya hatua makumi ine. Urefu wa mutu. Mukikuta maji chini, mufunike, mutafute fasi ingine. Hapana kungojea tanki ijae. Muchague siku ya jua. Muvae viatu birefu bya mpira na plastiki ku mikono. Mubebe mu bidoni yenye kifuniko, hapana kuijaza mpaka juu. Mumwange, mutie majivu na udongo juu. Bidoni muioshee pale pa shimo, na isiteke maji ya kunywa hata siku moya. Kisha munawe na sabuni. Na maji ya kunywa, muchemushe."

Siku ya posho, ni kusema jumamosi, wakati wa salongo, kazi ya mutaa, batu bote balikuja na majembe. Nilimuambia Paulin asimame mbele yabo, la sivyo nitasema miye. Akasimama.

"Ni miye nilifundisha mwalimu kungojea mvua," akasema. "Na choo yangu mwenyewe niliitoboa. Ninyi pia, munajua. Mutoto wangu alikuwa karibu kufa."

Hakuna aliyecheka. Musee Sikuli wa pembeni yetu akaenda wa kwanza kufunga tundu yake. Paulin na mwalimu bakachimba shimo pamoja mpaka magaribi, kisha bakaanza choo mupya ya kwetu. Chemchem tuliikomba, tukaizungushia mufereji.

Joyeuse akapona. Siku ya ine alilia na machozi ikatoka. Na miye nikalia naye, kwa furaha. Toka pale, mama Emérence hakupokea tena batoto sita mu juma moya toka kwetu.

Njia ya Kindu ilikawia sana kufunguka. Elikia alipanda maboga pembeni ya karavani.

Mvua ikianza, mpaka leo natoka na kwenda kuangalia mufereji. Nainama, nanusa. Paulin ananichekelea toka mulangoni. Achekelee tu. Nisiponusa miye, nani atanusa?