Mkono Uliogonga Benchi

Haya, wewe unayesoma, nifumbulie hili. Nina mtoto nyumbani. Nikimpa jembe, anatulia. Nikimwambia apumzike, anatetemeka. Ni nani?

Usione haya kushindwa. Mimi niliishi naye miaka miwili nikashindwa.

Ni mkono wa kulia wa mume wangu, Eridadi. Sisi ni wakulima wa kahawa, hapa mlimani, juu ya mji wa Bwera. Kanisani, Eridadi ndiye aliyekuwa akisoma somo kila Jumapili. Kisha mkono wake ukaanza kutetemeka. Akikaa kusali, unagonga benchi, ko-ko-ko. Watu wakageuka. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba mzee wangu amerudia tonto, ile pombe ya ndizi.

Nikaamini. Kila jioni nilinusa kikombe chake cha uji, hata nikaonja. Sikukuta pombe, nikasema ni mjanja tu. Nikaenda kwa wazee wa kanisa, nikamshtaki. Wakamnyima kitabu cha masomo, asisome tena. Eridadi hakubisha. Alitia mkono mfukoni, akaacha kwenda kanisani.

Binti yetu Mackline ndiye aliyempeleka hospitali, Kasese. Daktari akasema ni ugonjwa wa Pakinsoni. Unaanzia kwenye ubongo, si kwenye chupa. Akampa vidonge.

Nilishindwa kumtazama mume wangu. Nilimuuliza mara moja tu, "Baba Mackline, kwa nini hukuniambia?"

Akachukua jembe, akaenda shambani.

Vidonge navyo vilichelewa kufanya kazi. Sista Musimenta, muuguzi wa kituo chetu cha afya, akamuuliza kama tumbo linamsumbua. Eridadi akasema linaungua, miaka mingi sasa. Choo chake kikapimwa. Kumbe ana bakteria wa tumbo.

"Mzee, bakteria huyu anaweza kuzuia vidonge vyako visiingie vizuri kwenye damu," sista akasema.

Nikauliza kama ndiye aliyeleta mtetemeko.

"Hilo bado halijulikani, mama. Baadhi ya tafiti zimeona Pakinsoni inawapata zaidi kidogo watu wenye bakteria huyu. Kwamba ndiye anayeileta, haijathibitishwa. Lakini tumbo tunaweza kulitibu."

Akatueleza kwamba anaambukiza kwa mate, kwa mikono isiyonawa na kwa maji machafu. Akauliza kama kuna mtu anayekunywa kwenye kikombe cha mzee.

"Huyu ilikuwa anaonja kila siku," Eridadi akasema. "Akitafuta pombe."

Sista akacheka. Mimi sikucheka. Nilipimwa, na mimi ninaye.

Tulimeza dawa siku kumi na nne. Hatukuacha hata tulipopata nafuu. Sasa tunachemsha maji ya kunywa, tunanawa kwa sabuni, na kila mtu ana kikombe chake. Tumbo limepoa. Vidonge vinashika mapema. Mkono bado unatetemeka, lakini vifungo vya shati anafunga mwenyewe.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani, nikasema mbele ya wote kwamba nilimsingizia mume wangu. Wazee wakamrudishia kitabu.

Nyumbani nikamwekea uji. Sikunusa. Akautoa mkono mfukoni, akauweka mezani. Ko-ko-ko.

"Uliniuliza kwa nini sikukuambia," akasema. "Siku moja nilikuwa ninakuja kukuambia mkono haunitii, Mama Mackline. Nikakukuta unanusa kikombe."