Barua ya Kalamu

Mwalimu alijipenyeza kati ya wateja wa duka la simu, gauni lake la kijani limeshika vumbi la chaki, akamwaga mezani hedifoni kumi na mbili, zote bubu.

"Wamezitafuna?" Fundi aliuliza, macho hayabanduki usoni kwake.

"Wanafunzi wangu hao, wale wanaokimbia vitabu kama dawa chungu. Tuna programu inawasomea, kila neno linawaka njano likitamkwa. Siku hizi hata kengele ikilia hawatoki."

"Inasoma kila kitu?"

"Chochote kilichopigwa chapa. Mwandiko wa mkono haiwezi."

Fundi aliuliza mengi kuhusu hiyo programu, na Mwalimu akadhani anatongozwa. Hakukosea sana.

Mapenzi yakashika moto. "Usiniandikie, kipenzi, nitumie sauti," Fundi alimbembeleza. "Nikikusikia nashiba." Naye Mwalimu, mtu mzima na shahada yake, akawa anajifungia stoo ya vitabu kunong'ona na simu. Mapenzi yakikukamata, akili unaiweka rehani.

Jumapili moja wakiwa mezani, Mwalimu alimsimulia kuhusu mzazi aliyetia dole gumba kwenye fomu ya shule. "Mwanaume mzima na ndevu zake! Mume wa hivyo mimi ningempeleka wapi?" Fundi alicheka naye, kisha akanawa mikono sahani yake ikiwa bado imejaa.

Mwezi uliofuata Mwalimu akapewa uhamisho wa mji wa mbali. Jambo zito halisemwi kwa simu, aliwaza. Akaandika kwa kalamu, mwandiko wa kuunganisha, akampa mkononi: nataka kuwa mkeo, ukisema nibaki, nitaukataa uhamisho, nijibu kabla ya Ijumaa.

Fundi aliibusu bahasha. Jumatano akapiga simu, utani mtupu. Alhamisi vilevile. Ijumaa Mwalimu akashindwa kuvumilia.

"Barua yangu umeiona?"

"Nimeiona, kipenzi. Tamu kama asali."

Kisha akarudia utani wake. Mwalimu alikata simu, akasaini uhamisho kwa hasira hadi karatasi ikatoboka.

Jumatatu Fundi aliingia darasani akihema, wanafunzi wameshatoka, shati amelifunga vifungo kombo. "Mlinzi ananiambia unaondoka! Bila hata kuniaga?"

"Nilikuandikia! Nilikuuliza!"

Akatoa barua, imechakaa kwa kukunjwakunjwa. "Nimeipiga picha mara ishirini. Simu inasoma takataka tu. Nisomee."

Mwalimu akaelewa. "Kwa nini hukumpa mtu akusomee?"

"Barua ya mchumba wangu? Na aibu niiweke wapi?"

Akamsomea. Fundi alijifuta machozi bila kujificha. "Ningesema ubaki. Siku ileile."

"Basi nitaomba waufute. Na kusoma nitakufundisha mwenyewe, polepole, usiogope. Tutaanza na herufi, eeh?" Alikuwa ameinama kidogo, amemshika bega, kama awafanyavyo wa madawati ya nyuma.

Fundi aliutazama mkono ule begani kwake. "Ndiyo maana nilificha," alisema. "Nilitaka uniite mume. Sasa umeshanipa dawati." Akauondoa ule mkono taratibu, akatoka.

Mwalimu alipiga simu, haikupokelewa. Akamtumia sauti saba za kuomba radhi, nyingine zimejaa kilio. Simu ilionyesha kwamba zote saba zimesikilizwa. Hakujibiwa hata moja, na Alhamisi akapanda basi.