Ejo Ipi?

Nina miaka arobaini na mbili, mama wa watoto watatu, na nauza mawese hapa Rumonge, Burundi. Nilikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nikarudi kwetu mtu mzima. Sokoni wananijua: bidoni la mafuta silinunui kabla ya kulitikisa, kulinusa na kuhesabu mara mbili. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma... au kingeniuma, kama ningekuwa bado nasikia kitu.

Mume wangu Deo, wa ndoa ya kanisani, ndiye aliyevusha mawese yangu kwa boti hadi Baraka, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Akikawia, niliitazama milima ya kule nikajua yupo chini yake. Kumbe kuona mlima si kuona mtu!

Asubuhi moja nikiwa bandarini, simu ikalia. Alikuwa rafiki yangu Zaina, mzaliwa wa hapa, anayeuza vitenge Baraka. Alinong'ona Kirundi ili wenyeji wasimwelewe. Rezo ya simu ilikuwa mbovu. Nilipata maneno matatu tu: Deo... ubukwe... ejo... Ikakatika.

Ubukwe ni harusi. Na ejo? Wasomaji wa mbali mnisamehe: kwa Kirundi ejo ni jana, na ejo ni kesho. Kitenzi ndicho kinachokuambia ni ipi, na kitenzi kilizama ziwani pamoja na rezo.

Mimi nikasikia jana. Kwa nini? Kwa sababu habari mbaya hunifikia zikiwa zimeshapoa. Ningempigia tena anieleze nini... rangi ya keki?

Boti ya Baraka ilikuwa imewasha injini. Mwenye boti akaniita: "Mama Alisi, panda! Nafasi iko moja, bei tutaelewana!"

"Leo sina safari."

"Eh! Unakataa hata kabla ya kuomba nipunguze? Uko mugonjwa?"

Abiria wakacheka. Niliitazama boti mpaka ikawa nukta. Sikulia. Nikarudi kuuza mawese.

Siku mbili baadaye nilivuka, si kwa ajili ya mume, bali mabidoni yangu. Bidoni tupu angalau lina mnunuzi! Mawimbi yalinilowesha mpaka kifuani, nikaja kugundua niliposhuka.

Zaina alinipokea kwa mayowe. "Wewe ni mutu gani! Jana nimekungoja hapa pwani, boti zote zikaisha!"

"Jana?"

"Si nilikuambia ejo, ile ya kesho? Deo aliwaambia mke wake alizama ziwani! Muchungaji akauliza, mwenye neno aseme. Akauliza mara mbili! Mimi naangalia mulango tu..."

"Mbona hukusema?"

"Mimi mugeni, muuza vitenge? Nani angeniamini? Ushahidi ni wewe, dada, na wewe haukuja!"

Mara mbili! Kana kwamba mchungaji yule alinijua...

Nilikwenda kwa wakwe zake wapya. Mama wa bibi harusi, mwenye adabu zake, akanipa kiti, akaniangalia uso. "Wewe ni ndugu ya marehemu? Aliacha picha. Munafanana."

Nikajibu kwamba tunafanana sana.

Akanishika mikono yote miwili, akanipa pole, akaniletea wali wa harusi uliobaki. Niliula wote. Ulikuwa umepoa.

Ndipo Deo akatokea mlangoni, akaganda. Nikaweka sahani chini.

"Mama," nikasema, "marehemu ni mimi."

Kelele zilizofuata sizikumbuki vizuri. Namkumbuka binti, hina bado mbichi mikononi, akimuuliza mama yake kama ni mzimu. Yeye ndiye niliyemhurumia. Nilirudi Rumonge na mabidoni yangu, bila mume, na yule binti akabaki na ndoa ambayo si ndoa.

Wenzangu, nawasihi! Neno nalo litikiseni, linuseni. Ukiambiwa ejo, uliza: ejo ipi? Simu ikikatika, piga tena. Na boti ikiwa imewasha injini, panda! Ukikosea, utapoteza nauli tu.

Mimi niliyeshindania kila bei ya Rumonge... mume wangu nilimwachia bila hata kuuliza.