Mngurumo Ndani ya Hema

Maiti ilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, imejikunja kama abiria aliyepitiwa na usingizi. Viatu vilikuwa vimevuliwa na kupangwa chini. Koti la kazi lilikuwa limekunjwa likawa mto. Midomo na kucha vilikuwa vyekundu kuliko vya walio hai waliosimama kuitazama.

"Usiguse kitu," Inspekta alimwambia Koplo. "Picha kwanza."

Mvua ilikuwa imetoka kuacha. Matone yaliendelea kudondoka juu ya turubai, na kwa ndani kila tone lilisikika kama mtu anayebisha hodi taratibu.

Lilikuwa hema la gari: mabomba ya chuma yaliyochomekwa moja ndani ya jingine, turubai la kijivu, zipu mbele na nyuma, mifuko ya mchanga pembeni ili lisipeperuke. Ungeweza kulikunja asubuhi na kulisimamisha kwingine mchana. Marehemu alilinunua ili afufue Pijo la zamani la hayati baba yake bila kusumbuliwa na jua wala mvua. Mtaa mzima ulimwita Msasa. Tangu aanze kulikwangua gari hilo, hakuna aliyemwona bila msasa mkononi. Hata harusini aliingiza mkono mfukoni kutoa leso, akatoa kipande cha msasa, nusura ajifute nacho uso.

Nje ya geti watu walikuwa wamejaa kama wamealikwa.

"Ni mzee huyo," mwuza mitumba alisema bila hata kushusha sauti. "Kaja kuchukua gari lake na dereva ndani. Nilisema mimi, gari la marehemu haliguswi."

"Ulisema lini?" mwanamke mmoja akamkatiza. "Si wewe uliyeomba lifti likipona?"

Inspekta akawasogelea. "Nani amesikia nini?"

Wote walisikia. Mvua ilipopamba moto, gari lile, ambalo halijawahi kuwaka tangu mzee azikwe, liliunguruma ndani ya hema. Mngurumo mzito, wa chinichini, usiokoma.

"Si jenereta?"

"Jenereta tunaijua, afande. Anaiwasha akitaka kusaga chuma kwa grainda, na grainda yake ikilia hata wafu wanaziba masikio. Leo hapakuwa na grainda. Mngurumo tu."

"Na hakuna aliyekwenda kutazama?"

Mwuza mitumba akajikuna shingo.

"Wewe ungekwenda?"

Inspekta akaingia ndani ya nyumba.

Aliyeikuta maiti ni kaka wa marehemu, Mwalimu Mkuu wa shule ya pale mtaani, mtu ambaye hata wazee wakipishana naye hunyoosha kola zao. Alikuwa amekaa sebuleni, suruali imelowa hadi magotini.

"Ulimkutaje?"

"Nilikuja kumsalimia Mama. Mvua ilipopungua, nikasema nimwone na mdogo wangu. Nikakuta zipu zote zimefungwa. Kufungua tu, moshi ukanipiga usoni."

"Halafu?"

"Gari lilikuwa linawaka. Nikaingiza mkono, nikageuza ufunguo, nikalizima. Nikamtikisa. Hakuitika."

"Ulilizima wewe mwenyewe?"

"Kwa mkono huu." Aliuinua. "Nilimkanya, Inspekta. Kuwasha gari ndani ya turubai! Ila yule masikio yake yalikuwa ya pambo."

Mama yao alikuwa kwenye kochi, kanga ya kichwani imeshuka na hakuna aliyethubutu kumrekebishia.

"Pole sana, Mama," Inspekta alisema. "Na wewe ulisikia mngurumo?"

"Nilisikia, mwanangu. Nikajua baba yao amekuja kumsaidia." Alitabasamu kidogo, tabasamu la kutisha kuliko kilio. "Nikafurahi. Nikaongeza maji kwenye birika."

Asubuhi daktari wa maiti alipiga simu. Kaboni monoksidi, ile sumu ya moshi wa injini, imejaa tele kwenye damu. Hakuna jeraha, hakuna dawa, hakuna dalili ya kupigana. Alilala na hakuamka.

"Basi ni ajali, afande," Koplo alisema. Walikuwa wamerudi hemani. Hakupenda kuwa mle, na alikuwa akiongea upesi. "Tufunge faili?"

"Bado. Nataka niusikie huo mngurumo uliowafungia watu ndani. Washa gari."

Koplo akageuza ufunguo. Hakuna kitu, hata taa. Akageuza tena.

"Fungua boneti."

Boneti ilipanda kwa mlio wa kukwaruza. Koplo akachungulia, akaruka nyuma, kisogo kikagonga bomba.

"Mungu wangu!"

Palikuwa patupu. Nyaya zilikuwa zimefungwa ncha kwa utepe, mipira ya maji imezibwa kwa matambara, na katikati kulikuwa na shimo la kutosha kumlaza mtu. Hapakuwa na injini. Hapakuwa na betri.

"Afande," Koplo alinong'ona, "sasa jana liliunguruma na nini?"

Inspekta naye vinyweleo vya mikono vikamsimama. Kisha akatoka nje, akapumua, akampigia simu fundi wa injini.

"Injini iko kwangu tangu juzi," fundi alisema. "Tuliibeba kwa mkokoteni, mimi na Msasa. Mama alikuwa zahanati, kaka yake shuleni. Kwani vipi?"

Jenereta ilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, mahali pake pa kila siku, imeoshwa na mvua ikang'aa. Inspekta akaiinamisha. Chini ya miguu yake ya mpira kulikuwa kumegandamana unga wa mbao uliolowa oili. Msasa aliumwaga unga huo sehemu moja tu, ndani ya hema, ili unyonye oili iliyovuja. Na pale karibu na zipu ya nyuma, turubai lilikuwa na alama nyeusi ya duara, saizi ya mdomo wa ekzosi, bomba la moshi la jenereta.

"Iliingizwa ndani, ikaachwa ikiunguruma, kisha ikarudishwa," Inspekta alisema. "Niambie, Koplo, jini gani hilo lenye adabu ya kurudisha vyombo?"

Koplo akacheka, lakini bila kuonyesha meno.

Aliyefanya hivyo alijua kwamba mvua ikinyesha Msasa hujilaza kiti cha nyuma. Alijua pia kwamba majirani wakisikia mngurumo hawatasogea. Inspekta alishamjua. Alichokosa ni sababu, na sababu aliikuta mfukoni mwa lile koti lililokuwa mto wa marehemu.

Kilikuwa kifuniko cha kengele ya baiskeli, kimebonyea, kina nukta tatu za rangi, kimefungwa kwa kitambaa safi kama zawadi. Kingo zake zilikuwa na mabaki ya puti, lile tope la kuzibia mabonde ya bati kabla ya kupaka rangi. Inspekta akapiga magoti kwenye madigadi ya gurudumu la mbele kushoto, ambako msasa ulikuwa umefika kwenye bati. Puti mahali hapo ilikuwa nene kama mkate. Ndani yake palibaki shimo la duara. Akakiweka kifuniko. Kikakaa sawasawa, kama yai kwenye kiota.

Hakuhitaji kuulizia kwa watu wengi. Mtaani kila mtu alijua kisa cha Baba Pacha, aliyegongwa na gari akiwa juu ya baiskeli yake, akafa, kwenye kona nyuma ya nyumba hiyo, miaka mingi nyuma, na gari lenyewe halikujulikana. Mjane wake bado aliishi jirani. Alikuja msibani akiwa na sufuria kichwani, na Inspekta akamwita pembeni.

Mama Pacha alikipokea kifuniko kwa mikono miwili.

"Hii rangi ni ya geti letu," alisema. "Mume wangu alipaka nukta tatu. Moja yangu, mbili za wanawe." Akainua macho. "Umeitoa wapi?"

"Twende ndani," Inspekta alisema. "Una haki ya kusikia."

Sebuleni Mwalimu Mkuu alikuwa kando ya Mama yake, akipokea pole. Inspekta aliwaomba wageni watoke. Walitoka kwa mwendo wa watu wanaotaka kubaki dirishani.

"Mwalimu, rudia. Ulilizima gari?"

"Nimeshaeleza. Niligeuza ufunguo, injini ikanyamaza."

"Injini ipi?"

"Ya gari, Inspekta. Ipi tena?"

"Iko karakana ya fundi tangu juzi. Hukufungua boneti, Mwalimu. Wewe na magari mlishaachana zamani, sivyo?"

Inspekta akaichukua kengele kwa Mama Pacha, akaiweka mezani.

Mwalimu Mkuu hakuiangalia. Alimwangalia Mama Pacha, na uso wake ukaporomoka.

"Nilikuwa kijana," alisema. "Nililichukua bila ruhusa, sina hata leseni. Baba alinipiga, kisha akalia, kisha akakoroga puti. Akasema mmoja ameshakufa, wawili wa nini. Akalifunika gari, na hatukulitaja tena mpaka anaingia kaburini."

"Na Msasa?"

"Aliikuta kengele. Nilimwomba ailete kwangu tuifukie. Akasema, 'Kaka, kesho nampelekea mwenyewe. Hajalala vizuri tangu sisi watoto.' Nikamwambia wale pacha nimewasomesha mimi! Nimewashika mkono hadi chuo. Mama yao ananiita ndugu. Ningemtazama kwa macho gani? Nilimkuta amelala. Sikutaka aumie."

"Unakamatwa kwa mauaji ya mdogo wako," Inspekta alisema. "Una haki ya kukaa kimya."

Koplo akachomoa pingu. Mama, ambaye hakuwa ametikisika muda wote huo, akanyoosha mkono.

"Mfungeni kwa mbele," alisema. "Bega lake la kushoto huteguka."

"Ngojeni," Mama Pacha alisema.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba. Koplo akaacha pingu zining'inie.

"Alikufa palepale?"

Mwalimu Mkuu alitazama sakafu. "Hapana."

"Alisema kitu?"

"Aliita."

"Alimwita nani?"

"Wewe. Jina lako. Niliteremka, nikamwona, nikarudi garini. Bado alikuwa anaita."

Mama Pacha aliichukua kengele mezani, akakaa chini, si kwenye kiti, pale pale sakafuni, akaikumbatia kifuani.

"Nilisikia," alisema. "Nilikuwa nanyonyesha. Nikasikia jina langu linatoka kule konani, mvua inanyesha, nikajua ni shetani, maana mtu wa kweli angekuja mlangoni. Nikajifunika shuka na wanangu, nikasubiri anyamaze."