Alama Iliyofutwa

—Taa ya nne inakaa upande gani?

Bi Lenzi alibana simu kwa bega, mikono iko juu ya trei ya vipuri. Jina hilo walimpachika pale karakanani kwa sababu miwani yake ya kukuzia haikumtoka usoni mpaka jioni. Bodi tano za umeme za majaribio zilikuwa mezani zikisubiri kuunganishwa. Vipuri alishavihakiki kimoja kimoja kwa orodha, vimetimia. Kasoro ilikuwa kwenye mchoro: kitaa kimoja hakikuonyeshwa upande wa chanya, na ukikigeuza hakiwaki.

—Chanya juu, alijibu Mchoraji, kijana aliyechora bodi hizo, kutoka ofisini kwao. —Umeamkaje lakini? Mafua yamepona?

Wakaongea dakika ishirini. Habari ya taa ilikula moja.

Alipokata simu, shangazi yake, mwenye karakana, alikuwa amesimama nyuma yake.

—Ni yule tena? Kila mchoro wake una kitu kimesahauliwa. Mzembe hafundishiki, mwanangu. Kesho namwambia bosi wake tusiletewe tena kazi zake.

Bi Lenzi akageuka haraka. Kazi zikikatwa, na ile sauti ya asubuhi imekatwa. Alimpenda, ya nini kujidanganya, ingawa mwenyewe hajawahi kutamka neno.

—Nipe mpaka jioni, Shangazi. Nitakuonyesha si mzembe.

Akashusha jalada la michoro ya zamani. Ilikuwa kumi na mmoja. Akaipitia yote, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kushangaa. Kila mmoja ulikosa alama moja tu, na kila mara ni ya kitaa. Kwenye vipuri vinavyoweza kuunguza bodi, hakuwahi kukosea hata siku moja. Mzembe gani huyu anachagua pa kusahau? Tena chini ya kila mchoro imeandikwa "Toleo la pili". Sasa la kwanza liko wapi?

Akamwandikia karani wa ofisi ile: "Dada, naomba toleo la kwanza la mchoro wa leo."

Likaja. Alama ipo, nyeusi tii.

Akampigia Mchoraji.

—Ulifuta mwenyewe?

Mchoraji akaanza kumuuliza habari ya mafua.

—Nimekuuliza.

—Nilifuta. Mchoro ukikamilika hupigi simu.

—Mwaka mzima? Mimi huku nakutetea, Shangazi anakuita mzembe, kumbe makusudi. Mdomo umepewa wa nini?

—Ninao. Nikikusikia tu, unakauka.

Bi Lenzi alitaka kuendelea kukasirika, kicheko kikamponyoka.

—Basi njoo umwambie Shangazi mwenyewe.

Saa kumi Mchoraji akaingia, shati amechomekea, toleo la kwanza la mchoro mkononi. Akakiri yote bila kujitetea. Shangazi akausoma mchoro toka juu hadi chini.

—Umetimia. Mapenzi kikohozi, nilikuwa najiuliza simu gani hizi. Haya, sasa hamna cha kuulizana.

—Kimebaki kimoja, Shangazi. Naomba ruhusa niwalete wazee wangu.

Shangazi akamgeukia binti wa kaka yake.

—Umesikia? Au na hili unataka miwani?

—Waje, alisema Bi Lenzi, ameinamia trei. —Ila akifuta alama tena, tutawarudishia mlangoni.

Wiki iliyofuata ukaingia mchoro mpya, kamili, hauna doa. Bi Lenzi aliukagua mara mbili, akachukua simu.

—Nimekosea wapi? aliuliza Mchoraji kwa hofu.

—Hukukosea. Umeamkaje?